Pedi mpya, diski mpya, na vali iliyosahaulika

Malalamiko ya dereva yalikuwa mafupi. Akishuka Kitonga na mzigo wa viazi kutoka Njombe, akifika katikati ya mteremko pedali inakuwa ngumu, harufu ya kuungua inaingia ndani, na gari halishiki. Akiegesha pembeni kwa muda, breki zinarudi. Mwenye gari alikuwa ameshaamua dawa kabla hata jeki haijawekwa: diski zenye matundu, pamoja na pedi za bei ya juu kuliko zote dukani. Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ79, pikapu ya milango miwili yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Haina ABS. Mbele ina diski, nyuma ina ngoma.

Maelezo ya dereva kama yale yana thamani kubwa, na gereji nyingi huyapuuza. Pedali ikiwa ngumu huku gari halishiki, ugonjwa uko kwenye msuguano: pedi imepata joto kupita uwezo wake, gundi inayoshikamanisha chembe zake inatoa gesi, na mguu unasukuma kwa nguvu zote bila faida. Pedali ikilegea na kuzama hadi sakafuni, hapo mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kubana mapovu. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na fundi asiyeuliza pedali ilikuwaje atatibu lolote atakalokutana nalo kwanza.

Hebu tupige hesabu ya joto, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu katika kazi hii. Gari la kilo 3,000 linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kilojuli 740 hivi. Likisimamishwa kwa breki, karibu yote inageuka joto. Tuseme diski moja ya mbele ina uzito wa kilo 10 na inabeba theluthi moja ya kazi hiyo: chuma chake kitapanda kwa nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Hata breki iliyochoka inalimudu hilo. Sasa literemshe gari hilohilo kimo cha mita 300, mwendo usibadilike, na usitegemee kitu kingine ila breki. Nishati ya kuondoa inafika kilojuli 8,800, sawa na kusimama mara 12 kutoka kasi ya kilomita 80, tena bila nafasi ya kupoa. Diski ileile, kama isingepoozwa na chochote, ingepanda kwa nyuzi zinazokaribia 600.

Bila shaka upepo unachukua sehemu ya joto hilo, na matairi yanachukua sehemu. Injini nayo inachukua, dereva akishuka kwa gia ndogo. Lakini dizeli ya kawaida haizibi hewa inayoingia pale mguu unapotoka kwenye mafuta, kwa hiyo peke yake hailishiki gari kama petroli inavyofanya. Ndiyo maana malori hufungwa breki ya ekzosti. Dereva wa pikapu mara nyingi hana msaada huo, na mzigo wake hauko mbali na wa lori dogo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouza pedi na diski kama nguvu ya ziada. Ukifunga diski ya kipenyo kilekile na kalipa ileile, nguvu ya kushika inabadilika kwa jambo moja tu, nalo ni kiwango cha msuguano wa pedi. Presha ya mafuta ni ileile, eneo la pistoni ni lilelile, umbali kutoka katikati ya gurudumu ni uleule. Unachonunua hasa ni uvumilivu wa joto. Ni kitu cha maana sana pale Kitonga, lakini swali moja lilipaswa kutangulia: kwa nini joto lote lilikuwa linaishia mbele?

Jibu lilionekana magurudumu yalipofunguliwa. Pedi za mbele zilikuwa zimeungua hadi kingo zikamomonyoka, na uso wa diski ulikuwa na madoa ya bluu na nyufa nyembamba za joto. Nyuma, ngoma zilipovuliwa, laini za breki zilikuwa nene, karibu kama mpya. Gari linalobeba mzigo wake wote nyuma lilikuwa linasimamishwa na magurudumu ya mbele.

Magari ya aina hii yasiyo na ABS yana vali nyuma, juu ya ekseli, inayogawa presha ya breki kulingana na mzigo. Imefungwa kwenye chasisi na imeunganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukiingia, bodi inashuka na kuikaribia ekseli, fimbo inasukuma, vali inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu vali inapunguza presha, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likageuka barabarani. Mpangilio ni wa busara, lakini vali haijui uzito. Inachojua ni umbali tu. Na pikapu hii, kama pikapu nyingi za mzigo huku kwetu, ilikuwa imeongezwa springi nyuma ili isikae. Ilipopakiwa viazi bodi haikushuka vya kutosha, fimbo haikusogea vya kutosha, na vali ikaendelea kuhudumia gari ambalo kwake lilikuwa tupu.

Diski za bei yoyote zisingetibu hilo. Zingechelewesha tu harufu ya kuungua kwa kona kadhaa.

Hata hivyo diski na pedi zilipaswa kubadilishwa, maana zilizokuwepo zilikwisha. Kwenye pedi, fundi alifanya jambo ambalo mnunuzi yeyote anaweza kulifanya dukani: alisoma herufi mbili zilizochapwa ubavuni. Katika mfumo wa Marekani herufi ya kwanza inaeleza msuguano kwenye joto la kawaida, ya pili kwenye joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inaanza vizuri, kisha inapungua pale unapoihitaji zaidi. Zilichaguliwa za FF zenye mchanganyiko wa chembe za chuma, aina inayovumilia joto kuliko zile laini za magari madogo, ingawa hula diski haraka zaidi na hupiga kelele kidogo asubuhi. Zilikuwepo za GG pia. Nakubaliana na uamuzi wa kuziacha. Kuongeza msuguano mbele peke yake kwenye gari ambalo tayari linaegemea mbele ni kuukuza upungufu uleule.

Kuhusu matundu, mwenye gari alishawishiwa kuyaacha, na ni vizuri. Kwenye diski ya chuma cha kutupwa inayopashwa joto na kupoa kila safari, kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Pia kila tundu linaondoa chuma, na chuma ndicho kinachohifadhi joto. Alichukua zenye mifereji. Mifereji inafagia vumbi na matope, na inaipa gesi ya pedi njia ya kutokea, lakini inazikwangua pedi. Ningekuwa mimi ningechukua diski nzima zisizo na mfereji, zilizotengenezwa vizuri, zenye nafasi safi ya kupitisha hewa katikati.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye ekseli hii diski haichomoki baada ya kutoa kalipa, imefungwa kwa boliti nyuma ya habu. Habu lazima itoke, pamoja na kifuniko cha gia za mbele na nati kubwa ya beringi inayohitaji soketi ya milimita 54. Gereji isiyo na soketi hiyo inatumia patasi na nyundo, na nati inatoka imejaa majeraha. Kwa kuwa beringi zilikuwa zimeshatoka, zilioshwa, zikakaguliwa na kupakwa grisi mpya, kisha zikakazwa kwa utaratibu: kaza, zungusha habu ikae sawa, legeza, kaza tena kwa kiasi kinachotakiwa. Beringi ikiwa na uchezo, diski inayumba, na pedi zinasukumwa nyuma kila inapozunguka.

Kisha ikaja hatua inayorukwa karibu kila mahali, kupima myumbo wa diski kwa geji ya mshale. Kutu kidogo kwenye uso wa habu, hata isiyoonekana vizuri kwa jicho, inatosha kuiweka diski upande. Wengi husema diski imepinda pale usukani unapotetemeka wakati wa kufunga breki. Mara nyingi haijapinda. Imelika bila ulingano kwa sababu ilifungwa upande tangu siku ya kwanza. Habu ilisuguliwa hadi chuma kikang'aa, na myumbo ukakaa chini ya milimita 0.05.

Kalipa ya kulia ilikuwa na pistoni zilizorudi kwa shida. Zilitolewa, zikasafishwa, zikawekewa mipira mipya. Mafuta ya breki yote yalimwagwa. DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na yakishanyonya maji 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Yakatiwa ya DOT 4, na upepo ukatolewa magurudumu yote na kwenye vali ya nyuma pia, ambayo ina niplo yake na husahaulika.

Kuiondoa vali kabisa, kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, kungelifanya gari likamate vizuri likiwa na mzigo na kuwa la hatari likirudi tupu kwenye mvua. Badala yake fimbo ya vali ilisogezwa kufidia kimo kilichoongezwa na springi, kisha presha ya mbele na ya nyuma ikapimwa kwa geji mbili, gari likiwa na uzito uliotajwa kwenye kitabu cha matengenezo. Laini za ngoma nazo zilikaribishwa hadi pedali ikapanda.

Mwisho pedi zilizoeshwa kwenye barabara iliyonyooka: kupunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 kwa kukanyaga kwa wastani, tena na tena, bila kusimama kabisa, kisha kuendesha taratibu ili breki zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali diski ikiwa ya moto, pedi inaacha alama yake pale ilipobana, na mtetemo unaanzia hapo.

Gari liliporudi kukaguliwa baada ya safari za mzigo, diski za mbele zilikuwa za kijivu bila doa la bluu, na pedi za kushoto na kulia zilikuwa na unene sawa. Ngoma zilipofunguliwa, laini za nyuma zilikuwa zimeanza kulika.