Ualimu Ndani ya Mizani

Kwamndolwa, pale Korogwe, Kiswahili hukaa jirani na Kizigua, Kibondei, Kisambaa na lugha za waliokuja kukata mkonge zama za manamba. Penye ndimi nyingi hivyo, ushairi una kazi ya kufundisha lugha shuleni. Siku ya mahafali wanafunzi husimama pande mbili wakighani ngonjera: huyu anabisha, yule anamjibu, hadi mbishi akubali yaishe.

Aliyeiingiza ngonjera katika ushairi wa Kiswahili ni Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma. Aliwahi kufundisha shule kabla ya kuingia kazi za serikali na mahakama, na ualimu haukumtoka. Ngonjera zake, zilizochapwa kwa jina la UKUTA, chama cha washairi, mwaka 1970 na 1971, ziliifundisha siasa ya Ujamaa kwa vinywa vya watoto.

Lakini ushairi unaifundishaje lugha yenyewe? Tazama mshororo huu niliouunda kwa mfano: “Mwalimu shika ubao, mtoto ashike peni.” Mtoto anauhesabu kwa vidole. “Mwa” ni mizani moja, maana sauti zake hutoka kwa mkupuo. Ila “m” ya “mtoto” inajitegemea, nayo inahesabiwa. Nane huku, nane kule. Akikosea, sikio linamsuta kabla ya mwalimu. Amejifunza silabi bila kukaririshwa kanuni.

Mnyampala aliupeleka ufundi huo mbali zaidi. Mwaka 1965 ulitoka Utenzi wa Zaburi. Washairi wa Kiebrania waliozitunga zaburi hawakutegemea vina. Waliegemea wazo, nusu ya pili ikirudia au kupinga ya kwanza kwa maneno mengine. Utenzi una masharti yake: kila ubeti mishororo minne, mizani nane kila mmoja, mitatu ya mwanzo ikipatana kina, wa nne ukibeba kina kinachopita utenzi mzima. Kuhamisha sala ya kale kutoka utaratibu ule kuja huu kunataka mtu anayejua lipi la kupunguza na lipi lisiguswe.

Na Kiswahili hakikuwa lugha aliyozaliwa nayo. Alijifunza, akaimudu, akawa wa kuigwa. Mtoto wa Kwamndolwa anayeghani ngonjera leo hana haja ya kuambiwa kwamba lugha hii ni yake pia. Aliyemtangulia alikwisha kulithibitisha hilo kwa mizani.