Balbu ya Mzee wa Gerezani

Fundi umeme wa magari ya zamani hana vifaa vingi. Ana bisibisi, kisu, kipande cha msasa, na balbu ndogo ya volti 12 iliyochomelewa nyaya mbili. Ukimpelekea Land Rover yenye taa zilizogoma, hakimbilii kufungua chochote. Anauliza kwanza. Zilizimika ghafla au zilianza kufifia? Zinasumbua siku zote, au mvua ikinyesha tu? Kisha linakuja swali analouliza akiwa ameshakunja uso: nani aliligusa gari hili kabla yangu?

Nilikuwapo Gerezani, Dar es Salaam, mtu mmoja alipoleta Land Rover 109 yake. Akiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo ya nyuma nayo inapepesa. Gereji aliyotoka walishamuuzia flasha, wakamuuzia swichi, na sasa walikuwa wanataka kufumua wayaringi yote. Mzee aliyekuwa amekalia tairi aliinuka, akafungua kioo cha taa, akapitisha kidole kwenye nati inayoshika waya mweusi. Kidole kikatoka na unga mweupe. "Mwanangu," alimwambia kijana wake, "umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri, utapita kwa jirani." Bodi ya Land Rover ni alumini, chasisi yake ni chuma, vikikutana kwenye unyevu wa chumvi kama huu wetu wa pwani, alumini huliwa taratibu, na athi, yaani hiyo njia ya kurudi, hupotea bila waya wowote kukatika. Akakwangua mpaka pakang'aa, akasugua na kichwa cha waya, akakaza, akapaka grisi juu yake. Indiketa ikapepesa peke yake. Hapakuwa na kipuri cha kulipia, palikuwa na jicho tu, na jicho wengi wetu tunaona tabu kulilipia.

Vijana wana mita za kidijiti, na si mbaya. Lakini mita haivuti umeme wa maana. Waya uliooza ndani utakuonyesha volti 12 kamili, nawe utaapa kuwa ni mzima. Balbu ya mzee inakula umeme. Ikiwekwa kwenye waya huo inawaka kwa unyonge, na ugonjwa unajulikana hapo hapo.

Waingereza waliounda magari haya waliacha ramani ndani ya rangi. Kahawia inatoka kwenye betri, nyeupe imeshapita swichi ya funguo, kijani imeshapita fyuzi, nyeusi inakwenda athi. Kwa anayezijua, nusu ya kazi imekwisha boneti ikifunguliwa. Sasa nenda kaangalie leo. Nyaya zimekatwa, zimeungwa kwa waya mwekundu wa nyumbani mwanzo mpaka mwisho, maungio yamefungwa nailoni, na fyuzi imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi hiyo haitaungua kamwe. Kitakachoungua ni gari. Kuna na Land Rover za mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambazo chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Asiyejua hufunga hasi kwa mazoea ya siku hizi, akaunguza kisanduku cha chaji, halafu akalilaumu gari kwa uzee.

Land Rover zilipojaa Arusha kwenye tamasha lao la Oktoba 2024, watu walipiga picha rangi na matairi. Sikuona picha hata moja ya nyaya za nyuma ya dashibodi, na huko ndiko tunakoaibika.

Wazee hawa hawana wanafunzi wengi. Kijana anataka kompyuta inayomsomea kosa, na simlaumu, ndiko kwenye riziki. Ila 109 haina pa kuichomeka kompyuta hiyo, wala haitakuwa napo. Wewe mwenye gari la namna hiyo, ukimpata mzee wa balbu, mlipe saa zake zote, hata zile alizokaa akitazama tu. Na kabla hajaondoka, mwombe kijana wa gereji, anayeshika plaisi tayari kukata, aje asimame karibu naye.