Kioo cha Murano: Geuza Utazame Kitako

Mgeni wa siku moja au mbili mjini Venezia hununua pale alipo, baina ya uwanja wa San Marco na daraja la Rialto, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Vichochoro vya huko vimejaa farasi wa kioo, hereni na vipepeo vya bei chee, na vingi havijawahi kuona tanuru la Murano. Panda boti uende kisiwa cha Murano chenyewe. Kutoka kituo cha Fondamente Nove ni mwendo wa dakika 10 hivi. Mwaka 1291 serikali ya Venezia iliamuru matanuru ya kioo yahamishiwe kisiwa hicho, kwa hofu ya moto kuuteketeza mji, na kazi inaendelea huko mpaka leo.

Kabla ya kuingia duka lolote, pita Museo del Vetro, makumbusho ya kioo yaliyoanzishwa mwaka 1861. Jicho linahitaji kuona kazi bora kwanza ili lijue la kudai baadaye. Tazama kile kioo kisicho na rangi alichokipatia sifa fundi Angelo Barovier katika karne ya 15. Tazama na shanga pia. Shanga za Venezia zilipitia Unguja na Bagamoyo katika karne ya 19, zikabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, na nyekundu zake ziliitwa samisami. Wanunuzi wa bara walikuwa wakali: rangi isiyotakiwa mahali fulani haikununuliwa, hata mzigo uwe mkubwa namna gani. Ukali huohuo ndio unaotakiwa kwako.

Sasa dukani. Omba ruhusa, shika chombo, kigeuze. Fundi hupuliza kioo kwa bomba refu la chuma, kisha hukishikiza chini kwenye fimbo nyingine ili apate kuumalizia mdomo. Fimbo ikitoka huacha kovu kitakoni. Kazi nzuri husagwa na kung'arishwa hapo, lakini pitisha kidole gumba na mara nyingi utakuta kidimbwi kidogo au duara tambarare. Ukiona mshono unaopanda ubavuni, hiyo ni alama ya kalibu.

Kisha kiinue kwenye mwanga. Rangi iwe ndani ya kioo chenyewe, isiwe imepakwa juu. Maua ya murrine ni vipande vilivyokatwa kutoka vijiti vya kioo cha rangi, kwa hiyo ua huonekana limezama. Kwenye filigrana, yaani kioo chenye nyuzi za kioo ndani yake, chagua uzi mmoja mweupe uufuate kutoka kitako hadi mdomo: usikatike, wala usimsogelee jirani yake ghafla. Kilele cha kazi hii, kwa macho yangu, ni reticello. Nyuzi hupishana zikafanya wavu, na katika kila jicho la wavu hubaki kiputo kimoja cha hewa. Viputo vikiwa vimepangika sawasawa kuzunguka chombo chote, uko mbele ya mkono wa fundi mkubwa. Usione ajabu bei ikiwa kali.

Kugonga kwa ukucha ili usikie mlio hakusaidii. Kioo cha Murano kwa desturi hutokana na mchanga, magadi na chokaa. Hakina risasi, hivyo hakilii kwa muda mrefu kama kristali za risasi. Na glasi sita zinazolingana bila tofauti hata ya unywele zitilie shaka, maana pumzi ya mtu hutofautiana kidogo.

Tafuta kibandiko cha Vetro Artistico Murano, alama iliyowekwa kwa sheria ya mkoa wa Veneto ya mwaka 1994. Kukosekana kwake si ushahidi wa ughushi, kwa kuwa si kila tanuru limejiunga. Maneno "mtindo wa Murano", hata hivyo, yanatosha kukutoa dukani.

Ukipewa hotelini boti ya bure kwenda kiwandani, kataa kwa adabu. Nauli na kamisheni ya dalali zimo ndani ya bei utakayotajiwa. Mwezi wa Agosti nao matanuru mengi hufungwa.

Mwenye fedha za kiasi anunue goto, bilauri ndogo ya rangi mchanganyiko ambayo mafundi walizoea kujitengenezea kwa mabaki ya kioo. Bilauri moja ya kweli ni bora kuliko taa kubwa ya dari iliyofanywa kwa haraka. Au nunua shanga za kuyeyushwa motoni moja moja, sanaa iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2020. Kagua tundu: liwe safi, na kingo zisichubue uzi.

Asiye mkazi wa Umoja wa Ulaya akinunua vitu vya zaidi ya euro 70 katika duka moja ana haki ya kudai arudishiwe kodi ya VAT. Nenda na pasipoti, chukua fomu palepale, na kioo ukibebe mkononi: wakati wa kuondoka, ofisa wa forodha anaweza kutaka kukiona kabla ya kuidhinisha fomu.