Istilahi za Ukazaji wa Ngozi: Mionzi Ipi?

Biashara ya urembo imetuletea fungu la maneno ambalo wafasiri wamelipokea kwa haraka kuliko inavyofaa. Mbele yetu ipo karatasi ya tangazo ya kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, inayoahidi "tiba ya mionzi ya kubana ngozi ya uso na tumbo, bila upasuaji, bila maumivu, isiyo na madhara". Kwa sarufi haina kosa kubwa. Kasoro yake ni kwamba msomaji akimaliza kuisoma hajui atakachofanyiwa.

Tuanze na mionzi. Mwalimu wa fizikia atatuambia kwamba mawimbi ya redio nayo ni mionzi kwa maana pana, wala hatumpingi. Lakini katika hospitali zetu neno hilo limekwisha kupata mwenyewe: ni eksirei, na ni tiba wanayopewa wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam. Mama aliyemwuguza nduguye huko ataikimbia karatasi hii kwa hofu isiyo na msingi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mfasiri amekusanya chini ya neno moja vitu vitatu vilivyo mbalimbali: mawimbi ya redio, ambayo hupitisha umeme katika ngozi na umeme huo ukageuka joto, mawimbi ya sauti yaliyokusanywa mahali pamoja, kama jua chini ya kioo cha kukuzia, na leza, ambayo ni nuru. Kifaa cha aina ya kwanza kiliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa mikunjo ya kandokando ya macho, na cha aina ya pili mwaka 2009 kwa kuinua nyusi. Sauti si mionzi hata kwa huyo mwalimu wa fizikia.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Nuru ya leza nyingi hunyonywa na melanini, ile rangi ya ngozi, hivyo mwenye ngozi nyeusi yumo katika hatari zaidi ya kuungua au kubaki na mabaka; mawimbi ya redio na ya sauti hayafuati rangi. Tena mtu aliyewekewa kifuani kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hukatazwa tiba ya mawimbi ya redio, kwa sababu ya umeme wake. Neno "mionzi" litamwonyaje yeyote kati ya hawa?

Kitenzi nacho hakikuchaguliwa vema. Nguo hubana, mshipi hubana. Ukivuliwa, nyama hurudi ilipokuwa. Hapa kinachotendeka ni cha ndani: joto la nyuzi 60 hivi za sentigredi hufupisha nyuzi za kolajeni katika ngozi ya ndani, kisha mwili hutengeneza nyingine mpya kwa muda wa miezi 3 hadi 6. Kinyume cha kulegea ni kukaza, kama tukazavyo kamba za kitanda, na hapo twaona hapana haja ya kwenda mbali. Mwenzetu mmoja alipendekeza "kusinyaza". Tulicheka, maana uso uliosinyaa ndio anaoukimbia mteja! "Mkazo" umekwisha kuchukuliwa na wanaisimu. Twapendekeza "ukazaji", kwa umbo lile lile la "upasuaji".

"Bila upasuaji" tunaikubali, ijapokuwa ziko mashine zinazotoboa ngozi kwa sindano nyembamba, na mteja ana haki ya kuambiwa. "Bila maumivu" na "isiyo na madhara" hatuzikubali. Mawimbi ya sauti huuma, na tiba hizi zimepata kuacha majeraha ya moto. Mfasiri atajitetea kwamba asili ya Kiingereza yasema mwili hauingiliwi. Kama ndivyo, aliyeongeza ni yeye.

Basi tuandike "ukazaji wa ngozi kwa mawimbi ya redio", "kwa mawimbi ya sauti" na "kwa leza". Wenye vibao vya matangazo watalalamika kwamba ni marefu. "Ultrasaundi" tumeiacha kwa makusudi, kwa kuwa wajawazito wameizoea kuwa ni kipimo, na katika kipimo hicho hakuna anayekusudia kuipasha ngozi joto.