Uliza Bamvua Kwanza

Juzi kwenye harusi moja Ukunda, jamaa wa bara alizungusha simu yake meza nzima akituonyesha likizo yake ya Diani. Bwawa la kuogelea. Taulo zilizokunjwa kwa umbo la bata. Kifungua kinywa kinachoelea majini juu ya sinia. Bahari ilichungulia mara moja tu, nyuma ya chupa ya soda. Na wenyeji wenzangu, watu wazima waliokulia hapa hapa, wakaitikia mmoja baada ya mwingine: "Hapo umeponda raha, bwana!" Pilau ilinishinda kumeza.

Raha ile ingepatikana Naivasha. Ingepatikana hata Kitengela, penye bwawa na mpishi. Mtu akivuka Likoni, au akishuka kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege cha Ukunda, akakaa siku nne bila kujua maji yanajaa saa ngapi, huyo amelipia chumba. Pwani ya kusini hajafika.

Wanaouliza likizo gani itawafaa huanza na hoteli: nyota ngapi, bei gani, chakula kimo au hakimo. Hayo ni maswali ya mwisho. La kwanza ni utafika tarehe ngapi, na sisemi tarehe ya kalenda ya ukutani. Nasema ya mwezi wa angani, ile wanayoihesabu wavuvi wa Gazi.

Hapa ndipo wageni wote hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni bamvua. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita 3. Sasa mtazame mgeni aliyekunywa chai taratibu, akajipaka mafuta ya jua, akateremka ufuoni saa nne u nusu na taulo begani. Anakuta bahari imehama. Mbele yake ni mchanga uliolowa, vidimbwi, na kule mbali mwambani watu wenye vijiti wakitafuta pweza. Anapiga picha, anawaandikia wenzake kwamba Diani imeharibika. Wiki moja baadaye mwezi ni nusu na maji ni mafu: yanajaa saa ile ile ya nne asubuhi, kwa upole, na hata yakipwa hayaendi mbali. Ufuo ni ule ule, chumba ni kile kile, bei ni ile ile, na likizo ni nyingine kabisa. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo tu, na bado sijamwona mgeni aliyeifanya kabla ya kulipa.

Basi chagua kwa mwili wako. Mtu wa kuogelea aje mwezi ukiwa tarehe 7 hadi 9, au 22 hadi 24, akae Diani au Galu, awe ndani ya maji kabla ya jua kukaza. Mtu wa kutembea, mwenye macho ya kuchunguza, bamvua ndiyo yake: aende Tiwi, ambako bahari ikipwa huacha vidimbwi vyenye kina ndani ya mwamba, kimojawapo kimechongeka kwa umbo la bara la Afrika, au Msambweni, atembee asubuhi nzima bila kuuziwa kinyago. Mtu wa mikoko naye ni wa bamvua, lakini ya alasiri. Aondoke Funzi maji yakiwa bado yanajaa, yampandishe mto Ramisi mpaka ndani kabisa, kisha yakigeuka yamrudishe. Nahodha anayenguruma na mashine kwenda na kurudi hajui kazi yake. Wa matumbawe ashuke Shimoni, avuke hadi hifadhi ya Kisite-Mpunguti wakati wa kaskazi, azamie maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yakipwa hutoka na tope la mikoko. Wenye watoto wadogo, maji mafu, daima. Hilo silielezi.

Palikuwa na mama mmoja Msambweni, mwenye nyumba ya wageni isiyo na bango barabarani. Ukimpigia simu, kabla hata hujataja jina aliuliza: "Mwaja kuoga au mwaja kutembea?" Ukijibu vyote viwili, alishusha pumzi ukaisikia. "Haya, njooni siku kumi." Na hesabu yake ilikuwa sawa, kwani siku kumi zikipangwa vizuri zinashika bamvua na maji mafu. Alikuwa na daftari la shule lililochorwa kwa rula: upande mmoja tarehe za mwezi, upande wa pili majina ya wageni. Safu ya bei haikuwamo. Mahamri yake yalitoka karaini kabla ya jua, na mbaazi zilikolea tui. Hoteli gani ya leo, katika zile zinazosifiwa, inakuuliza swali hata moja zaidi ya namba ya kadi?

Upande wa pili wako mabingwa wa aina nyingine. Namjua dalali wa nyumba za kupangisha ambaye picha zake zote hupigwa saa nne, maji yakiwa mafu, bahari imetulia mbele ya baraza. "Bahari mlangoni," anaandika. Mgeni anafika na bamvua ya Machi. Asubuhi bahari haionekani mlangoni wala dirishani. Alasiri inapanda ngazi na kulowesha mikeka. Dalali hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wako pia vijana wa mashua za kioo wanaompakia mgeni saa tatu siku ya bamvua. Robo saa tu, chombo kimekaa mchangani. "Twasubiri kasa," wanamwambia, naye anasubiri kwa adabu, jua la utosini, mpaka maji yarudi kuwanyanyua adhuhuri. Nimewahi kuona mtu akishuka pale na kuwapa bakshishi.

Pepo nitazigusa kwa ufupi kwa kuwa angalau hizo watu huziuliza. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa safi na joto halikupi nafasi. Kusi huja na mawimbi, mwani na vijana wa kuteleza majini kwa tiara kule Galu. Na kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi hupita nje ya miamba, kwa anayejua kuvumilia chombo kinachoyumba. Matlai, Oktoba na Novemba, ni ya watu wenye akili. Mwani wenyewe usiuogope. Hoteli inayouzoa wote kila alfajiri, mpaka ufuo ukabaki kama sakafu ya benki, ipunguzie nyota mbili.

Na si kila mtu ni wa bahari, ingawa wengi hulazimishwa kuwa. Wapo wanaofika ufuoni, wakakaa kivulini siku zote wakisoma ujumbe wa kazini. Hao walifaa kupanda Shimba Hills, kwenye ukungu wa asubuhi na upepo, makao ya mwisho ya palahala hapa Kenya. Mpenda historia na maisha ya watu akae Gazi au Shimoni, si Diani. Gazi kuna njia ya mbao inayoendeshwa na akina mama ndani ya mikoko, na kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unaouza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti ile ile na kuwapa wanakijiji maji na vifaa vya shule. Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda zilizoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia na hutaongea kwa sauti. Mtu anayenung'unikia kaniki hafai msituni. Na, kwa maoni yangu, hafai hata Kwale.

Kanuni zilizobaki nazitaja tu. Likizo yenye ratiba iliyobandikwa ukutani ni kazi. Usile samaki wa kupaka mahali ambapo mpishi hajui nazi leo ni shilingi ngapi. Usilale penye muziki unaozidi sauti ya mawimbi. Mgeni asiyetembea kwa miguu hadi dukani hata mara moja hana haki ya kusimulia.

Zamani mtu alipewa muda wa kuwa mgeni. Alilala kwenye garimoshi la usiku kutoka Nairobi, akaamka na minazi dirishani, kisha akasimama foleni ya feri Likoni na mzigo wake, jasho likimtoka pamoja na haraka yake. Matatu ya Ukunda ikamsimamisha kila kituo. Alipofika, alikuwa ameshasikia kwa dereva au kwa muuza korosho kwamba kesho maji yatapwa saa fulani. Siku hizi ndege inamshusha Ukunda kabla ya chakula cha mchana, au gari linapita Dongo Kundu bila hata kuiona feri, na hakuna njiani wa kumwambia lolote.

Kwa hiyo atalazimika kuuliza mwenyewe. Akipiga simu ya kuweka chumba, aulize: tarehe hizo, saa nne asubuhi, maji yatakuwa wapi? Anayejibu papo hapo, mlipe. Anayesema "bahari ipo tu," kata simu. Anayesema atauliza kisha akapiga kweli, huyo mpe nafasi, atafunzika. Na wanaokuja Krismasi siwashauri kitu. Walishalipa tangu Septemba.