Kiswahili cha Marehemu Mwenda Jean Bosco: Tahakiki

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Katanga mwaka wa 1930. Mwaka huo huo, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Marehemu hakuimba kwa Kiswahili hicho. Lakini alipofariki katika ajali ya gari nchini Zambia, mwezi wa Septemba 1990, lugha hii ilimpoteza mmoja wa watunzi wake waliosikika mbali sana. Tahakiki hii inakusudia kuonyesha kwamba sifa anazopewa, ingawa ni za haki, ni nusu tu ya anazostahili.

Sifa hizo ni za vidole vyake. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, na wimbo "Masanga" ukaenea kwa santuri. Kidole gumba kilishika nyuzi nzito na cha shahada kikatoa sauti za juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Katika miaka ya 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji huo katika jarida la African Music, na mwaka wa 1969 Mwenda alipiga gitaa katika tamasha la Newport, Marekani.

Na maneno je? Wataalamu wa Kiswahili wamewaachia wanamuziki msanii huyu, kwa sababu lugha ya Katanga huhesabiwa kuwa Kiswahili kilichoharibika. Humo "watu" ni "bantu", kitu kidogo huanza na "ka-", na "iko" hufanya kazi ya "ni". Lakini viambishi "ba-" na "ka-" ni mali ya Kibantu tangu kale; anayeviita makosa anaipima lugha kwa kipimo cha pwani peke yake. Isitoshe, Kiswahili hicho kina historia. Wabayeke, watu wa Mwenda, walitoka Unyamwezi, na mji wa Msiri huko Bunkeya ulifanya biashara ya pembe na shaba na wafanyabiashara wa mashariki. Baadaye migodi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906, ilikusanya wafanyakazi wenye lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi na ya nyumbani. Hiyo ndiyo jamii iliyomlea msanii.

Mwenda alipokaa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, wasikilizaji hawakuhitaji mkalimani, na vijana wapiga gitaa walimwiga. Umma ulikuwa umekwisha kukata shauri ambalo wasomi wangali wakilisitasitia.

Ni kweli kwamba maneno ya "Masanga" ni machache, na yakiandikwa karatasini huonekana maskini. Anayetafuta vina na mizani ataondoka mikono mitupu. Kosa lakini ni la kutenganisha vilivyotungwa pamoja. Katika fani hii gitaa ndilo lenye kushika mizani: hutangulia, hulijibu neno, na msanii anyamazapo huendeleza wazo. Kuyachapa maneno peke yake na kuyahukumu ni sawa na kumhukumu mtambaji hadithi kwa muhtasari wa kisa chake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwenda alicheza kwao, yaani ndani ya Kiswahili, lakini waliotangulia kumtunza kwa maandishi ni wageni. Deni hilo halilipwi kwa maneno ya rambirambi. Nyimbo zake ziandikwe jinsi zilivyoimbwa, pasipo kusahihishwa. Zichambuliwe pamoja na gitaa lake. Na zifundishwe katika somo la fasihi simulizi. Kama hazina nafasi humo, basi kinachofundishwa ni fasihi ya baadhi tu ya Waswahili, na wanafunzi waambiwe hivyo.