Sauti ya Asiyerudi

Kama bado hujaitazama La sociedad de la nieve, filamu ya mwongozaji Mhispania J.A. Bayona ambayo wengi wetu tuliiona Netflix mwanzoni mwa 2024 kwa jina la Society of the Snow, nisamehe, maana nakumalizia uhondo sasa hivi: msimulizi anakufa.

Anaitwa Numa Turcatti, mwanafunzi wa sheria. Hakuwa hata mchezaji wa timu iliyokodi ndege. Alialikwa na marafiki. Tangu mwanzo ni sauti yake inayotuongoza, na kwa kuwa tumezoea hadithi za manusura, tunajituliza moyoni: huyu anasimulia, basi huyu alirudi. Kisha anafumba macho ndani ya mabaki ya ndege, na sauti inaendelea. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Nilihisi nimedanganywa. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba nilikuwa nimejidanganya mwenyewe, na si kwa filamu hii tu.

Habari yenyewe inajulikana. Tarehe 13 Oktoba 1972, ndege ya Jeshi la Anga la Uruguay iliyokuwa imebeba timu ya raga ya Old Christians pamoja na ndugu na marafiki zao iligonga mlima wa Andes ikielekea Santiago, Chile. Ndani walikuwa watu 45. Uokoaji ulipokamilika, siku 72 baadaye, waliokuwa hai walikuwa 16. Waliishi kwa kula miili ya wenzao waliokufa. Hapo ndipo masimulizi mengi huishia, kwa sababu hapo ndipo msikilizaji hushika mdomo.

Hollywood ilishawahi kuijaribu habari hii. Mwaka 1993 Frank Marshall alitengeneza Alive, kutokana na kitabu cha Piers Paul Read cha 1974. Ni filamu inayotazamika, lakini waliokufa wamekaa pembeni ili walionusurika wapite. Bayona aliegemea kitabu cha Pablo Vierci, aliyesoma shule moja na baadhi ya manusura, akageuza swali. Badala ya kuuliza wale 16 walikuwa na nini, anauliza walipewa nini, na nani aliwapa.

Ndiyo maana filamu yake ni makini sana na vitu vidogo. Tazama jinsi ajali inavyotokea: mkia unakatika na waliokaa nyuma wanatoweka hewani, viti vinang'oka sakafuni na kurundikana mbele, mifupa ikivunjika katikati yake. Sehemu iliyobaki inateleza juu ya barafu mpaka inasimama. Hapo hakuna ushujaa wa mtu yeyote. Kuna nani alikaa wapi. Uhodari unakuja baadaye, nao ni kazi ya mikono: masanduku yanapangwa kuziba tundu lililoachwa na mkia, vitambaa vya viti vinageuzwa mablanketi, vipande vya bati vinatandazwa juani ili theluji iyeyuke yapatikane maji ya kunywa. Wapo vijana wawili waliokuwa wakisomea udaktari, na ujuzi wao mchache ndio hospitali pekee. Kuna redio ndogo, na ni hiyo inayowaambia kwamba msako umesitishwa.

Halafu, usiku wa tarehe 29 Oktoba, maporomoko ya theluji yanaingia ndani ya ndege na kuua watu wanane. Baadhi yao walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa. Bayona hatuachi tukimbie jambo hilo. Kila anayekufa, jina lake na umri wake vinaandikwa kwenye skrini. Mara ya kwanza nilisoma haraka. Kufikia mara ya kumi nilikuwa nikiogopa maandishi yale kuliko baridi.

Na kuna makubaliano. Baadhi ya walio hai wanaambiana: nikifa, mwili wangu nautoa kwenu. Hapo neno "kunusurika" linabadilika maana. Turcatti alikuwa miongoni mwa waliosita zaidi kula. Jeraha la mguuni likaoza, akafa tarehe 11 Desemba, wa mwisho kufa mlimani. Siku iliyofuata watatu waliondoka kutafuta msaada. Mmoja alirudi ili chakula kiwatoshe wengine. Nando Parrado na Roberto Canessa waliendelea, jumla siku kumi, mpaka ng'ambo ya mto wakamwona Sergio Catalán, mchunga mifugo wa Chile. Naye akapanda farasi kwenda kutoa taarifa. Ukifuata mnyororo huu kuanzia mwisho, huwezi kuchomoa hata pete moja, na pete nyingi ni za wafu.

Sasa nirudi kwenye kule kujidanganya. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwa watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo; 24 walitoka hai. Wavuvi walifika na mitumbwi yao, wananchi wakavuta ndege kwa kamba, na kabla ya jua kuzama sote tulikuwa na shujaa: kijana mvuvi. Nilisambaza picha yake katika makundi matatu. Nilijua jina lake, umri wake, na kazi aliyoahidiwa. Baadaye watu wakabishana nani hasa alifungua mlango wa ndege, nami nikabishana nao. Kesho yake miili iliagwa katika Uwanja wa Kaitaba, na mimi, niliyejua kila kitu kuhusu mlango, sikujua jina la mtu hata mmoja aliyelala ndani ya yale majeneza.

Simlaumu kijana yule. Alipiga mbizi wakati wengine tulikuwa tukitazama simu. Najilaumu mimi msimuliaji. Nilihitaji mtu mmoja aliyeokoa ili nisiwafikirie 19 ambao hakuna aliyewafikia kwa wakati.

Kwa sababu hiyo hiyo nina ugomvi na Bayona, na si mdogo. Filamu inayowaheshimu wafu kiasi hiki haishughuliki sana na kilichowaua. Rubani msaidizi, ndiye aliyekuwa akiongoza, aligeuza ndege kuelekea kaskazini mapema mno, akiamini wameshaivuka Andes, akaanza kushuka mawinguni wakati milima ingali chini yao. Ni kosa la kukadiria mahali, kosa lenye maelezo. Katika filamu linapita kama mtikisiko: kelele, ukuta wa mawe, giza. Mlima unabaki kama hatima iliyokuwa ikiwangoja. Wafanyakazi watano wa ndege, ambao wote walikufa, wanabaki vivuli.

Unaweza kusema hiyo ni kazi ya ripoti za uchunguzi. Sikubaliani. Sisi tunaoishi mahali ambapo kila ajali, iwe ya ndege, kivuko au basi, hufungwa kwa maneno "kazi ya Mungu haina makosa", tunajua jinsi maombolezo mazuri yanavyoweza kufunika swali. Ibada inamfariji mfiwa, na ana haki nayo. Lakini kumheshimu aliyekufa ni pamoja na kuuliza kwa nini hakufika: nani alikuwa zamu, vifaa vilikuwa wapi, boti ilikuwa na mafuta? Theluji ya Bayona ni nzuri mno machoni, na uzuri huo unamsaidia mtazamaji asiulize.

Hata hivyo nitaitazama tena. Karibu na mwisho, manusura wanaogeshwa hospitalini, mbavu zinahesabika, na hakuna anayeshangilia. Wanaonekana kama watu waliokabidhiwa mzigo wasiojua wautue wapi. Sauti inayotusindikiza kutoka hapo ni ya yule aliyebaki mlimani.

Usiku ule baada ya filamu niliitafuta orodha ya Bukoba. Ilikuwa imetangazwa tangu zamani. Ni mimi tu sikuwa nimeitafuta. Niliisoma kwa sauti, majina yote 19, polepole. Jina la tano lilifanana na la binamu yangu. Nilipomaliza nilianza tena kutoka juu, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimesoma nikihesabu.